Upeo Uliolala Upande

Jumamosi za Ikram na mkewe Shamila zilikuwa za kuruka. Wakati wengine siku hiyo tunafua mapazia na kugombana na mafundi bomba, wao walitoka kwao Nkuhungu, Dodoma, mapema, chupa ya chai garini, wakaenda kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji, ambako ndege yao ndogo ya viti viwili ililala chini ya turubai. Nasema yao, lakini nusu ilikuwa ya Hashimu, rafiki wa Ikram tangu shule, mkulima wa zabibu kule Makutupora, kaskazini mwa mji. Zabibu za kula, alipenda kusisitiza mbele ya mashehe, si za mvinyo. Malori ya kiwandani yaliyokuwa yakipakia shambani kwake tuyaache.

Ikram alikuwa mchimba visima, na urubani aliusomea kwa mapenzi tu. Ndege ilikuwa kuukuu, nusu ya mishale ya vipimo vyake imekufa, kwa hiyo akanunua kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, unachokibandika juu ya dashibodi. Kidude kinarusha picha kwenye kishikwambi ulichojifunga pajani. Bluu juu ndiyo anga, kahawia chini ndiyo ardhi, milima na mabwawa yamechorwa humo, na katikati umepita mstari mweupe ambao ndio upeo. Pembeni unasoma kasi, kimo na mwelekeo. Vumbi la Oktoba likisimama Dodoma, rubani haoni mbele wala chini. Masikio yanamdanganya, makalio yanamdanganya, na cha kuamini kinabaki ule mstari peke yake.

Lakini kidude hakizaliwi kinajua usawa. Unakifundisha. Ndege ikiwa imetulia chini, unabonyeza kitufe cha kusawazisha, na jinsi ndege ilivyokaa wakati huo ndivyo kitakavyoamini kuwa sawa, mpaka ukifundishe tena. Ndiyo maana Shamila alikuwa akibeba pima maji ya fundi ujenzi. Aliilaza kwenye sakafu ya ndege, wakaisogeza ndege mpaka povu likatulia katikati, akasema, "Tayari," na Ikram akabonyeza. Walikuwa wakitaniana kwamba ndoa nyingine zina pete, yao ina pima maji.

Jumamosi moja ya Oktoba Shamila alibaki mjini kumpeleka mama mkwe hospitali. Hashimu alisema asijali, atamwandalia mwenzake ndege yeye mwenyewe. Ikram akaruka kusini kuelekea bwawa la Mtera, akaingia kwenye vumbi, na jioni wachungaji wakaikuta ndege ubavuni mwa kilima, mbali sana kushoto kwa njia yake.

Msibani Hashimu alilia kuliko ndugu. Alishuka kaburini, akamlaza rafiki yake kwa mikono yake, na kila aliyemshika bega alimwambia, "Ndege nilimwandalia mimi. Mimi mwenyewe." Watu wakamwonea huruma. Wakamwambia ni mipango ya Mungu.

Shamila akaingia edani. Nguo nyeupe, mlango umefungwa, dirisha ndiyo dunia yake. Aliyekuwa naye ndani ni mama mkwe tu, mwanamke wa kijiji cha Kwa Mtoro aliyeongea Kiswahili kwa adabu na Kisandawe kwa mwanawe. Baada ya wiki kadhaa polisi walileta mfuko wa nailoni wenye vitu vya marehemu. Saa, funguo, kishikwambi chenye ufa, na kile kidude.

Alikichaji kwa sababu tu kilikuwa kimeguswa na mumewe. Akakiweka juu ya meza ya kulia chakula, akakiwasha pamoja na kishikwambi. Anga ikaja, ardhi ikaja, na mstari wa upeo ukaja umelala upande, kulia umepanda.

Alidhani ni meza. Akaenda kabatini, akaleta pima maji, akailaza juu ya meza. Povu likatulia katikati kabisa.

Akakishika kidude, akakiinamisha kushoto kidogokidogo mpaka mstari ukanyooka. Akabaki amekishika hivyo. Hivyo ndivyo ndege ingekaa kama mtu angeweka tofali chini ya gurudumu la kulia, akabonyeza kitufe, kisha akaondoa tofali. Maegesho ya kile kiwanja yenyewe yameinama, chini pale Ikram asingeshtuka kuona mstari umelala. Angeshtukia nini? Juu, ndani ya vumbi, angeufuata mstari kwa imani yote, huku ndege inapinda kushoto, na kushoto, na kushoto.

Hakulia. Machozi ya msiba yalikauka siku ile ile, na hasira ikaingia mahali pake, ikakaa.

Hashimu alikuja siku chache baadaye na kreti ya zabibu. Shamila alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka, mama mkwe akiwa amekaa sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shemeji, pole na upweke. Nimesikia polisi wamerudisha vitu. Kile kidude usihangaike nacho, kinaegemea upande, hakifai tena. Nipe nikakitupe."

Shamila hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kinaegemea. Alikamata pazia kwa vidole vyote.

"Nimekizika na nguo zake," alisema.

Hashimu alikohoa. Kisha akashusha sauti, akidhani bibi hasikii. "Eda ikiisha usijione huna mtu. Nipo. Nilikuwepo hata kabla yake."

Ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyetangulia kupeleka posa, baba yake Shamila akaikataa. Miaka yote ile amekula meza moja na Ikram, akicheka naye, na bado alikuwa akisubiri zamu yake. Na sasa hata eda haijaisha ameshaanza kubisha hodi. Shamila alitamani kumtafuna.

Angekwenda polisi akaseme nini? Kwamba mstari umelala? Wangempa maji ya kunywa na kumrudisha nyumbani kwa upole.

Jioni ile, adhana ya magharibi ilipomalizika, kishikwambi kiliwaka chenyewe.

Kilikuwa juu ya kabati, waya umechomolewa. Kidude kilikuwa kando yake, kimetulia. Lakini picha ilikuwa inakwenda. Ardhi ilipita chini, kimo kikapanda, kasi ikapanda, mwelekeo ukasoma kusini. Shamila alikaa chini taratibu. Aliijua safari hiyo. Bwawa lilitokea kwa mbali, bluu. Kisha mstari ukaanza kudanganya, na kilima kikaingia kioo kizima.

Alifumba macho. Alipofumbua, kilima kilikuwa nyuma.

Ndege ilikuwa bado inaruka. Imeinama, lakini inaruka. Ikageuka polepole mpaka mwelekeo ukasoma kaskazini. Ikapita juu ya mji. Ikafika kwenye mistari ya zabibu ya Makutupora, ikaanza kuzunguka juu ya paa moja tu. Kioo kikazima.

Kesho yake ilirudi. Na keshokutwa. Kila jioni ilizunguka paa lile lile, na kila jioni kimo kilikuwa kimepungua.

Mama mkwe aliiona jioni ya tatu. Alisimama nyuma ya Shamila, akaongea na kioo kwa Kisandawe, vidoko vya ulimi vikigonga mdomoni mwake, sauti ya mama anayembembeleza mtoto. Alipomaliza, spika iliyopasuka ya kishikwambi ilijibu kwa kidoko kimoja kikavu.

Bibi alirudi nyuma hatua, akashika ukuta.

"Hajalala," alinong'ona. "Kisawazishe kile kitu, mwanangu. Yeye bado anafuata mstari ule. Ukiunyoosha atapumzika."

"Mama, unajua anakwenda kwa nani?"

"Najua. Nimejua tangu alipokuja na zabibu zake."

"Basi mwache amfikie."

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema mama mkwe. "Nataka mwanangu alale. Akishamaliza kwa yule atataka kwenda wapi? Umejiuliza?"

Shamila hakujiuliza. Kitufe kilikuwa pale pale kwenye kioo, kidogo, cha kijani. Kidole kimoja tu. Aliutazama mstari uliolala, akamwona Ikram ndani ya vumbi akiuamini, na akaukunja mkono wake.

Jioni zilizofuata alizisubiri kama watu wanavyosubiri tamthilia. Aliswali, akachukua kikombe cha chai, akakaa mbele ya kabati. Sitaficha, alifurahi. Alifurahi paa lilipokuwa kubwa kiasi cha kuhesabu mabati. Alifurahi zaidi simu ilipolia katikati ya mzunguko, Hashimu akiwa upande wa pili anahema.

"Shemeji, huko kwenu kuna ndege inapita jioni?"

"Hapa kimya, shemeji."

"Nasikia injini. Kila magharibi. Natoka nje siioni. Wafanyakazi wangu hawasikii."

"Labda ni masikio," alisema Shamila. "Yanadanganya sana."

Alikata simu. Akarudi kwenye chai yake.

Jioni ya mwisho ndege haikuzunguka. Ilikuja moja kwa moja. Ilishuka juu ya zabibu, chini, chini zaidi, nguzo na nyaya zikikimbia pembeni. Mbele kulikuwa na kitu kinachokimbia. Kioo hakikuwa kimechora watu hata siku moja. Kilichora mtu. Alianguka, akainuka, akakimbia akiwa ameegemea upande, kama aliyelewa. Mstari mweupe ukamfikia shingoni.

Kioo kikazima.

Asubuhi habari zilifika kabla ya muuza maziwa. Hashimu amekutwa katikati ya shamba lake. Mizabibu imelazwa kwa mkondo mmoja mrefu, nyaya zimekatika, na hewa yote inanuka petroli. Wengine walisema kimbunga. Daktari alisema moyo. Hakuna aliyeuliza kimbunga gani kinapita ndani ya shamba moja tu.

Shamila alifunga mlango wa chumba, akaegemeza kichwa ukutani, akacheka bila sauti. "Lala sasa, baba," aliliambia kabati. "Lala."

Magharibi kishikwambi kiliwaka.

Picha ilianzia juu ya mizabibu iliyolala. Ikapanda. Ikageuka. Mwelekeo ukazunguka, ukazunguka, ukasimama. Kusini. Mji ukaanza kuonekana, barabara kuu, kisha mapaa ya Nkuhungu. Shamila alitambua msikiti. Alitambua kona ya duka. Alitambua bati lao.

Sasa ndipo alipokiendea kitufe. Alikibonyeza mara moja. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

*Haiwezekani kusawazisha. Kifaa kiko kwenye mwendo.*

Kidude kilikuwa juu ya kabati. Hakikuwa kimesogea. Alibonyeza kitufe tena. Kiko kwenye mwendo. Alikichukua kidude, akakilaza sakafuni, akakigandamiza kwa viganja viwili kwa nguvu zake zote. Kiko kwenye mwendo. Chini ya viganja vyake kilikuwa kinatetemeka.

"Ikram," alisema. "Imetosha. Imetosha, mume wangu."

Kimo kilipungua. Kasi ilipungua. Aliichukua pima maji, akailaza kando ya kidude kama zamani, akasema, "Tayari," akabonyeza. Povu lilikimbia upande mmoja wa kioo chake, likagota hapo. Sakafu ile ile ya saruji. Nyumba ile ile.

Ndipo akaisikia. Kwanza kwa mbali. Kisha juu ya bati. Vyombo vilitikisika jikoni. Harufu ya petroli ilipenya chini ya mlango.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba na kanga begani, hana mshangao usoni.

"Nilikuomba," alisema.

Injini ilinguruma karibu kabisa na ukuta, ikakohoa, ikazima. Baada ya hapo palikuwa kimya. Kwenye kioo picha ilikuwa imesimama, na mbele yake umechorwa mlango wao wa mbele.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje, taratibu, na mtu mwenye ufunguo.

Mama mkwe aliondoka alfajiri kurudi Kwa Mtoro. Hakumuaga mwanawe aliyeingia usiku ule.

Siku ya kumtoa Shamila edani ilipotimia, wanawake wa mtaani walikuja na ndoo za maji, mafuta mazuri na nguo mpya ya rangi. Walibisha hodi kwa muda mrefu. Shamila alifungua mlango nusu. Alikuwa bado na nguo nyeupe, amekonda, na alisimama ameegemea upande kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye mteremko.

"Tumekuja kukutoa eda, mwanangu," alisema mkubwa wao.

"Eda ya nani?" Aliuliza kwa kunong'ona, akageuka kutazama nyuma. "Semeni polepole. Mume wangu amelala ndani."

Mmoja wao aliinamisha macho kwa aibu, na ndiye aliyeona. Kwenye mchanga wa ua, pasipo na upenyo wa kupitisha hata pikipiki, alama za magurudumu matatu zilikuwa zimeanzia ukutani zikaishia barazani. Kuanzia barazani, juu ya saruji, zilikuwepo nyayo za mtu asiye na viatu, za vumbi jekundu. Zote zilikuwa za kuingia.