Alama kwenye Nguzo ya Kumi na Mbili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, mkaguzi wa majengo, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kuombea ruhusa kazini.

Kazi yake ni kugonga nguzo za zege kwa nyundo na kusikiliza. Zege zima hulia ngo. Lililooza ndani hulia bwi, kama debe tupu. Mdogo wake alikuwa akimfuata na chaki: nguzo nzima tiki, mbovu msalaba.

Mwaka jana, chini ya ghorofa moja, walikuwa wamebakiza nguzo ya kumi na mbili simu ilipolia.

"Malizia hiyo, mdogo wangu. Nakuja sasa hivi." Rafiki yangu akamwachia nyundo, akatoka kuipokea.

Hajafika hata mlangoni, dari ikashuka nyuma yake.

Juzi alirudishwa huko kukagua kilichosalia. Ilikuwa saa sita mchana, lakini mle chini giza lilikuwa totoro. Tochi ikamzimikia mkononi. Alipokuwa akiipigapiga kiganjani, akasikia kule mwisho nyundo ikigonga polepole: bwi, bwi, bwi.

"Nimerudi, mdogo wangu," akasema. "Nilichelewa."

Tochi ikawaka. Akatembea juu ya kifusi hadi nguzo ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Ilikuwa na msalaba wa chaki, mkia wake umevutwa kushoto, kama alivyouchora marehemu siku zote kwa mkono wake wa shoto. Unga wa chaki ulikuwa bado unadondoka.