Jina Ndani ya Kola

Jua lilikuwa linazama Fundi alipoingia dukani kwake kuipaka cherehani mafuta kwa mara ya mwisho. Kesho asubuhi mnunuzi angekuja kuichukua. Aliipangusa taratibu, kila kona, kama mtu anayemwogesha mtoto kabla ya safari.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Wateja, majirani, hata mumewe. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Mama, na kwa ajili ya huyo ndiyo cherehani ilikuwa inauzwa. Binti yao wa pekee alikuwa amepata nafasi chuoni. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Wala usidhani wazazi hawa hawakujipanga. Tangu mtoto alipoanza kutambaa, kila sare ya shule aliyoshona Fundi ilitoa sarafu moja ya kopo la chuo, na mumewe, mwashi, alitia yake kila alipomaliza ukuta. Kopo likajaa, likahamia benki. Kisha mwashi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, na akiba ya miaka kumi na saba ikaishia kwenye mguu wake mmoja. "Mguu huu una digrii," aliwatania wageni, halafu akageukia ukutani wasione machozi yake.

Siku mkewe alipotaja kuuza cherehani, alimuuliza, "Ukiuza jembe, utalima kwa kucha?"

"Nitalima kwa meno. Mtoto atasoma."

Basi alikuwa ameinama akipangusa gurudumu, ndipo aliposikia harufu.

Kafuri... Kali, ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

Akainua uso. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama ndani ya mlango. Hakupiga hodi. Wala kokoto za nje hazikulia, na zile kokoto zilikuwa zikilia hata akipita paka.

"Fundi," akanong'ona. "Nataka joho la mahafali. La binti yangu."

Alikuwa nadhifu, amekumbatia kitambaa cheusi, macho mekundu ya mtu aliyelia mpaka akasahau anachokililia.

"Mlete nimpime."

"Yuko mbali." Akaweka kitambaa mezani. "Mpime wa kwako. Wanalingana... karibu. Urefu ongeza inchi mbili. Bega la kushoto lishushe nusu inchi. Alizaliwa hivyo."

Akaweka bahasha juu ya meza. Fundi akaifungua, akahesabu. Ilikuwa ada ya mwaka wa kwanza. Haikuzidi, haikupungua.

Nani alimwambia kiasi?

Nani alimwambia kwamba ana binti?

Maswali hayo Fundi aliyaona yote mawili. Akayaruka, kama unavyoruka dimbwi ukiwa na haraka zako. Cherehani ingebaki, mtoto angesoma, na mume wake angeacha kuutukana mguu wake.

"Njoo keshokutwa, saa kama hizi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa jinsi ilivyokuwa laini.

Usiku ule ule alimpima binti yake, akaongeza inchi, akashusha bega. Kesho yake jioni binti akalijaribu joho kabla ya kumaliziwa. Liliburuzika chini, bega moja likampwaya, naye akazunguka chumba kizima akicheka.

"Mama, hata chuo sijakiona, nimeshahitimu!"

Wakacheka wote watatu. Mwashi akampigia makofi. Kilikuwa kicheko kizuri, na Fundi alikuja kukikumbuka sana.

Sasa sikiliza lilipoharibikia. Mtu aliyeshona sare za watoto miaka ishirini mkono wake una akili zake. Watoto hubadilishana mashati bila kujua, kwa hiyo Fundi alikuwa na desturi yake: nguo ikiisha, ndani ya kola anatia jina la aliyepimwa, kwa uzi mwekundu. Hafikirii. Mkono unakwenda wenyewe huku yeye akiwaza mboga. Na aliyepimwa kwa joho lile alikuwa nani?

Alhamisi giza lilipoanza kuingia, mwanamke alikuja kulichukua. Kokoto kimya. Akaifunua kola. Akaupitisha uzi ule chini ya kidole, herufi moja baada ya nyingine... polepole... kama kipofu anayesoma.

Akatabasamu.

"Umeliandika mwenyewe," akanong'ona. "Mimi sikukuomba."

Fundi akatazama. Jina la binti yake.

"Samahani, dada yangu, ni mazoea ya mkono tu. Lete nilifumue. Dakika mbili."

Mwanamke akalikumbatia joho kifuani. "Ada umeshalipa?"

"Nimelipa leo asubuhi."

"Basi liache." Akatoka nalo.

Fundi alitoka nje kumwita. Njia ilikuwa tupu pande zote mbili. Angeweza kumtafuta, angeweza kupiga kelele. Lakini hela ilikuwa imeshalipwa, na risiti ilikuwa mfukoni mwa mume wake, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameisoma mara tano.

Likizo ya kwanza binti alirudi amerefuka inchi moja. "Chakula cha chuo hicho," mwashi alisema kwa fahari. Likizo iliyofuata, inchi mbili. Fundi akachukua utepe wake, akampima gauni jipya, akafika begani, akasimama. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Nusu inchi.

Nguo hukatwa ifuate mwili, hilo kila fundi analijua. Huu ulikuwa mwili unaoifuata nguo.

Nywele za mtoto zilinuka kafuri. Na siku moja, ndani ya nyumba aliyozaliwa, alisimama katikati ya ukumbi, akauliza kwa adabu, "Samahani, choo kiko upande gani?" Mwashi alicheka peke yake, kisha akaacha.

Ada ya mwaka wa pili Fundi alipokwenda kuilipa, karani wa chuo alimwambia imeshalipwa. Ya mwaka wa tatu, vivyo hivyo. Mke na mume hawakuuliza. Usimwamshe aliyelala, waliambiana, utalala wewe. Lakini waliolala hawakuwa wao. Fundi alikuwa na miezi hajapata usingizi.

Siku ya mahafali alikwenda peke yake, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kwa ule mguu wenye digrii. Ndani ya mkoba alibeba wembe wake mdogo wa kufumulia. Alijua mtoto atavaa joho lile lile, na alikuwa ameshaamua. Atamkumbatia mwanawe, atalifikia lile jina, atalikata uzi kwa uzi, na yaliyofungwa na mkono wake yafunguliwe na mkono wake.

Mlangoni, karani akapitisha kalamu kwenye orodha.

"Mzazi wa huyu ameshaingia."

"Mzazi ni mimi."

Karani akamtazama kwa huruma, akafungua jalada la malipo, akamsogezea. "Mama yake tunamfahamu sana hapa. Mtu wa kupigiwa mfano. Alianza kulipa kidogo kidogo, miaka ishirini na mitano iliyopita."

Binti wa Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Juu ya jalada, chini ya jina la mwanawe, kulikuwa na jina jingine, la zamani, limekwanguliwa mpaka karatasi ikawa nyembamba. Halikusomeka. Fundi akalirudisha jalada, na karani, labda kwa kuuona uso wake, akamwacha apite.

Jina likaitwa. Binti akapanda jukwaani. Joho halikuburuzika tena, wala bega halikupwaya. Ukumbi ukashangilia. Fundi akafungua mdomo apige kigelegele, lakini kabla hakijatoka, kutoka safu ya mbele kikapaa kigelegele cha mtu mwingine, kirefu, cha mtu aliyekihifadhi robo karne.

Binti akashuka. Akamwangukia kifuani mwanamke yule. "Mama," alimwita. "Mama, tumemaliza."

Fundi akapenya katikati ya viti, mkono ndani ya mkoba. Akafika. Akafungua mikono.

Binti akageuka. Yalikuwa macho yale yale, aliyoyabeba tumboni. Yakamtazama kwa heshima, kama yanavyomtazama mtu wa kazi aliyefanya kazi nzuri. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi. Joho limenikaa sawasawa."

Alipoinama, kola ikafunuka nyuma ya shingo. Fundi akaona. Hapakuwa na jina la kukata. Palikuwa na matundu ya sindano tu, madogo, yamepangana.

Mtu alikuwa ameshalifumua.

"Marahaba," Fundi akaitikia. Angefanya nini? Ukisalimiwa, unaitikia.

Mwanamke akamkaribia. Akamkunjulia kiganja, akaweka kitu chepesi, akavikunja vidole vya Fundi kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa baridi, na ilikuwa mikono ya mama, hilo Fundi hakuweza kulikana.

"Cha kwako hicho," akanong'ona. "Mimi si mwizi."

Fundi hakumbuki alivyorudi. Alifika mtaani jua likizama. Mwashi alikuwa amefagia uwanja, amevaa shati lake jeupe, ametoa viti vitatu mlangoni. Alipomwona akajiinua kwa mkongojo, akichungulia nyuma yake njiani.

"Uko peke yako? Mtoto yuko wapi, Fundi?"

Fundi akakaa kwenye kiti cha katikati. Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kimejikunjakunja kwa umbo la herufi alizozishona.

Hapakuwa na upepo jioni ile. Uzi ukatikisika...

"Mama," sauti ndogo ikaita.