Aya Aliyoikata Mwandishi

Unyayo ulikuwa mmoja tu, wa mguu wa kushoto, umelowa, katikati ya korido, saa nane mchana na jua likiwaka. Mwandishi aliupangusa kwa soksi akarudi mezani. Alimsingizia bintiye, Kipusa, mwenye miaka sita, ambaye akiona maji haambiliki. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba unyayo ule ulikuwa mkubwa kuliko wake yeye mwenyewe.

Bwana huyu aliandika hadithi za majini katika gazeti la kila wiki, na kwa muda mrefu hakumtisha hata paka. Majini yake yalikuwa na pembe, macho mekundu na kicheko kirefu, na wasomaji waliyacheka. Mhariri wake, mtu asiyemung'unya maneno, alimwambia kwamba jini likishaonekana limekwisha kazi. Mpe msomaji harufu, mpe kishindo, mengine atayajaza mwenyewe. Na nyumba iwe ya kweli.

Mwandishi akaiandika nyumba yake. Aliandika korido, na mlango wa stoo usiofungika mpaka uuinue kidogo. Humo akamwingiza jini wa kike asiye na sura, mwenye kandambili za kuburura, mguu mmoja uliolowa na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Akamtia na mtoto wa nyumba, bila jina. Sentensi aliyojivunia kuliko zote ilisema: Mtoto akamshika mkono, na tangu hapo hakuuachia.

Katika aya ya mwisho mganga alikuja akamtoa jini. Mwandishi aliisoma mara mbili, kisha akaikata. Msomaji ambaye jini lake limetolewa analala, na yeye alitaka wakeshe. Hadithi ilitoka Alhamisi, sifa zikamiminika, naye akazinywa zote. Unyayo ulionekana Ijumaa.

Jumamosi mlango wa stoo uliinuliwa kidogo ukajifunga, na hakuna mgeni aliyejua kuufunga hivyo. Harufu ikafuata. Mkewe aliosha mabeseni yote, akayaanika juani yamefunikwa kifudifudi, na harufu ikazidi. Mwandishi alijua ni harufu gani. Alinyamaza kwa aibu, na aibu ya mtu mzima ni ghali.

Jumapili, wakila, Kipusa alitumia mkono mmoja. Wa pili ulining'inia kando ya kiti, vidole vimekunjwa kana kwamba vimezunguka kitu. Mama yake akamwambia aulete mezani.

"Siwezi, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemshika."

Mwandishi aliogopa kuliko alivyowahi kumtisha mtu. Alikiri yote pale pale, na mganga akaitwa. Mganga alipita chumba kwa chumba, akasoma gazeti akiwa amesimama, akakataa hata nauli.

"Mimi nafukuza waliokuja wenyewe," alisema. "Huyu umemwandika. Mtoe ulivyomwingiza."

Mkewe alimwekea kalamu mkononi. "Ulimzibia mlango ili watu waogope, mume wangu. Mfungulie. Nataka mwanangu."

Akaandika. Aliandika jini akiinuka kando ya kiti, na kandambili zikaburura nyuma ya mgongo wake, akaandika korido, zikaingia korido, akaandika mlango wa mbele na komeo lake, na komeo likalia, na harufu ikapita usoni kwake nzito kama nguo mbichi na ikaanza kwenda, na nyuma ya kandambili zile akasikia nyayo nyingine, ndogo, pekupeku, zikikimbia kidogo ili zisiachwe, lakini alikuwa amebakiza maneno mawili tu na akayamaliza, akatia nukta.

Nyumba ikanyamaza. Harufu ikakatika.

"Kipusa?" mkewe aliita.

Kiti kilikuwa kitupu. Hakuuachia. Mwandishi alikuwa ameisahau sentensi yake bora.

Walitoka mbio. Mtaa mzima ulikuwa na jua na hapakuwa na mtu. Mkewe alibisha mlango mmoja baada ya mwingine, akiuliza huku analia. Yeye alirudi mezani, akaipata karatasi, akaandika haraka: Mtoto akarudi nyumbani. Hakuandika pengo la jino la mbele. Hakuandika kwamba mkono wake ulikuwa mtupu, wala jinsi anavyocheka akiona maji. Yalikuwa mazoea yake ya kazi, kuacha nafasi ajaze mwingine.

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amechoka, akaufunga mlango nyuma yake. Ukabishwa, taratibu, mara tatu. Akaufungua, akapiga magoti, akamkumbatia mwanawe akishukuru bila kumaliza maneno. Na alikuwa Kipusa kweli: gauni lake, nywele zake, pengo lake. Mikono yote miwili ilikuwa huru. Mwandishi alitaka sana kufurahi. Lakini Kipusa hakuwahi kubisha mlango wa kwao.

Mtoto alijitoa polepole kifuani kwa mama, akamfuata baba yake aliyekuwa akirudi nyuma kwenye korido, akitabasamu. Mwandishi akatazama sakafu nyuma yake. Nyayo zilikuwa za mguu wa kushoto tu, zimelowa, na kila mmoja ulikuwa mkubwa kuliko wake yeye mwenyewe.