Mlio Kwenye Spika za Kiden

Gari dogo jekundu lilisimama katikati ya bodaboda, mbele ya soko la Arua, na mwenyewe akashuka. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichomkaa barabara. Drani, fundi wa redio za magari, alisahau waya aliokuwa ameshika.

"Fundi, spika yangu iko nalia."

"Nalia kwa nini, dada? Wewe nachapa yake?"

"Tengeneza, wacha mchezo!" Lakini alicheka, na Drani akawa amekwisha hapo hapo.

Aliitwa Stella Kiden, mjane, muuza vitenge wa Arua na Koboko. Drani alikwangua kutu kwenye waya ulioshikizwa kwenye bodi ya gari, akaukaza, na mluzi wa spika, uliopanda kila Kiden akikanyaga mafuta, ukakoma. Baada ya hapo simu zikawa asubuhi na jioni. "Umekula, mpenzi?" "Mi nakula sauti yako tu." Mapenzi yakanoga.

Mlio mmoja tu ulibaki. Ti-ti-ti, tiiit. Kila fundi anaujua: simu ikitaka kuita, spika hutangulia kulia. Jioni moja walikuwa wameegesha kule mtaa wa Oli, mlio ukaja. Simu ya Kiden ilikuwa imelala kimya kwenye kiti.

"Nani iko napigia wewe?" Drani aliuliza.

"Hakuna mutu."

"Spika hapana danganya. Wewe iko na simu ingine. Umeficha mwanaume!"

Wivu, jamani! Fundi mzima, badala ya kutafuta waya, akatafuta mwanamume. Kiden alimtazama kwa uchungu.

"Shuka kwa gari yangu."

Kesho yake Kiden alikwenda Koboko peke yake, simu ameizima kwa hasira. Njiani, ti-ti-ti, tiiit. Aligeuka kutazama kiti cha nyuma. Vitenge tu.

Alipowasha simu mjini Koboko, ikaita papo hapo. Ni Ocama, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa akidai kumrithi kwa desturi ya ukoo.

"Shemeji, jana jioni nafanya nini Oli? Na sasa umesimama nyuma ya soko ya Koboko. Mi naona." Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Kilio imekwisha. Wazee nakaa Jumapili. Wewe naingia nyumba yangu."

Kiden alikata simu. Akampigia Drani.

"Hata simu imezima, spika nalia. Na shemeji Ocama najua niko wapi. Mi naogopa."

"Kaa hapo. Nakuja."

Alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Akafungua chini ya usukani, mkono ukapapasa nyuma ya redio, ukatoka na kidude cheusi chenye taa iliyokuwa ikikonyeza.

"Iko na laini ndani, sawa na simu. Naambia mutu gari iko wapi." Drani alishindwa kumtazama. "Mi nimekosea wewe. Samehe mimi, Kiden."

"Wewe fundi mbaya," alisema, machozi yakimtoka. "Lakini nakupenda. Kata hiyo kitu!"

Koleo lilikuwa limekwisha kuushika waya wa kidude. Drani akasita.

"Baba yako iko Abuku?"

"Iko."

"Tukikata, Ocama atasema umekimbia kama mwizi. Wacha aone gari naingia kwa baba yako, mchana, na mimi ndani. Mi nataka kuomba wewe kwa baba leo."

"Na akikuja?"

"Atakuja."

Drani akakirudisha kidude mahali pake, Kiden akawasha gari.

Walifika kijijini Abuku jua likiwa bado kali. Baba alikuwa ametoka mlangoni, akikinga macho. Kiden alizima injini, redio ikabaki imewashwa, na spika zikalia. Ti-ti-ti, tiiit. Kisha simu ya Kiden ikaita.

"Nafanya nini Abuku?" Ocama aliuliza.

"Niko kwa baba yangu, shemeji. Na mutu nimechagua mwenyewe."

Nyuma ya Ocama zikasikika pikipiki zikiwashwa, moja, ya pili, kisha nyingi. Kiden akakata simu, akajifunga kitenge vizuri, akamshika Drani mkono. Wakaenda kumwamkia baba.