Chiriku na Kurasa Zilizochanwa

Binti wa fundi cherehani alikuwa hodari wa kusema. Akiamka anasema, akipiga mswaki anasema. Akitumwa chumvi dukani, hurudi na habari za mtaa mzima, na chumvi amesahau. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Lakini mpe kalamu. Hapo alitulia kama maji mtungini. Kila Jumatano, siku ya insha, tumbo lilimuuma. Siku ya insha ikipita, tumbo lilipona lenyewe bila dawa.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, nyumbani alionekana mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo kukagua madaftari ilikuwa kazi ya mama, na mama, fundi mwenyewe, hakuvumilia mshono uliopinda. Kila jioni alisimama nyuma ya kiti cha mtoto. Chiriku akikosea herufi, mama alimwambia afute. Akikosea tena, afute tena, mpaka karatasi inatoboka. Hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na alitaka mwanawe apite pale alipokwama yeye.

Siku moja mama alikuwa akitafuta kipande cha bitana katika mfuko wa vitambaa. Mkono wake ukagusa karatasi. Akatoa kurasa kumi na moja zilizochanwa kutoka daftari la insha. Kila ukurasa ulikuwa na maneno mawili matatu, kisha basi. Mmoja ulikuwa na neno moja tu: "Mimi".

Mama alikaa chini. Akaamua kwamba kosa ni la shule. Jumatano ilipofika akamshika mtoto mkono, tumbo liume lisiume, wakaenda. Njiani alipanga maneno yake. Mwalimu gani huyu anayeona makosa kumi daftarini akasahihisha moja?

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mwanamume mrefu, chaki imempanda hadi kwenye nyusi. Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Hakubishana. Alimwomba akae dawati la nyuma atazame kipindi kimoja, kisha kama bado anataka kugomba, agombe.

Darasa lilikuwa na watoto hamsini na wanane na madirisha mawili. Mwalimu alianza kwa kuandika yeye mwenyewe ubaoni, habari ya baiskeli yake iliyochomoka mnyororo mlimani. Aliandika sentensi, akaitazama, akakata neno. Watoto wakampa neno zuri zaidi. Akalipokea na kuwashukuru. Kisha wakageukiana wawili wawili, kila mmoja amsimulie mwenzake jambo aliloliona wiki ile. Chumba kikavuma kama mzinga wa nyuki. Baada ya hapo ndipo alipowaambia waandike, bila kufuta. Neno wasilolijua waliandike wanavyolisikia, walipigie mstari, wasonge mbele.

Mwalimu alipita dawati kwa dawati, akichuchumaa. Hakuuliza herufi. Aliuliza mbwa aliyetajwa katika habari alikuwa wa nani, na ikawaje baadaye. Mtoto alijibu kwa mdomo, kisha akainama na kuliandika jibu lile lile. Mama alimtazama mtu yule mzima akiinuka na kuchuchumaa, akiinuka na kuchuchumaa, magoti yakilia. Hasira aliyokuja nayo ikaanza kumtoka.

Watoto walipotoka nje, mwalimu alimgeukia.

"Mama, ukikata gauni, unalishona moja kwa moja?"

"Hapana. Napiga bandi kwanza, nalishikiza kwa uzi mrefu. Mteja analijaribu. Kama limepinda, nafumua."

"Na bandi ikipinda, unalitupa gauni?"

Mama alicheka kidogo. Mwalimu akamwambia kwamba maandishi ya kwanza ya mtoto ni bandi. Mtoto asimulie kwanza. Kisha aandike yote aliyo nayo. Mkubwa naye asome habari kabla ya kutafuta makosa. Makosa yatasahihishwa, tena lazima, lakini baadaye, moja au mawili kwa siku. Mengine yangoje zamu yao.

Mama alimuuliza haya amejifunza wapi. Mwalimu alikung'uta chaki mikononi.

"Kwa kukosea," akasema. "Mwaka wangu wa pili kazini, mtoto mmoja aliandika mistari minne. Bibi yake alikuwa amefariki. Nikazungushia duara nyekundu mahali saba alipokosea herufi kubwa, nikamrudishia daftari. Sikumwambia hata pole. Mwaka mzima hakuniandikia tena zaidi ya tarehe."

Tangu kosa hilo mwalimu alikuwa na daftari lake mwenyewe. Kila jioni aliandika jambo moja alilojifunza kutoka kwa mtoto mmoja. Alilifungua, akamwonyesha mama ukurasa wa Chiriku: "Anasimulia vizuri kuliko mimi. Anaogopa kifutio."

Mama alisoma sentensi ile ya pili, akamrudishia daftari kwa mikono miwili.

Nyumbani kifutio kikawekwa kabatini. Jioni Chiriku alisimulia, mama akasikiliza, kisha Chiriku akaandika. Siku ya kwanza aliandika "chelehani", na mama akauma ulimi asitamke neno. Kesho yake walilitamka pamoja polepole, wakalirekebisha hilo moja tu. Wiki ya tatu mistari ikawa sita. Muhula ulipokaribia kuisha, ukurasa ulijaa, na habari za tumbo hakuna aliyezikumbuka.

Jumamosi moja mama alikuwa akipinda upindo wa gauni la mteja. Chiriku akamwekea daftari mapajani. Insha ilisema hivi:

"Mama akishona hasemi kwa sababu ameshika pini mdomoni. Baba akisafiri nyumba inanyamaza sana. Kwa hiyo mimi nasema maneno yangu na ya mama."

Kulikuwa na herufi mbili zilizokosewa. Mama aliisoma mara tatu kabla hajaziona. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Na wewe," akamuuliza, "ungependa mama aseme nini?"

Chiriku akavuta kigoda. Saa kumi mteja alipokuja kuchukua gauni lake, alilikuta upindo haujapindwa bado, na fundi na binti yake wanazungumza.