Namba ya Boma la Machage

Jumanne, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, mzee Machage alishtuka usingizini kando ya mto huko Gorong'a, akakuta ng'ombe wake kumi na wawili hawapo. Alamu ya saa nane, inayomwamsha ili ahesabu mifugo ikishakunywa maji, haikulia.

Maboma matano yalichunga pamoja kwa zamu, na programu ya alamu iliyokuwa kwenye simu zao aliitengeneza Neema, mchumba wa Nelson, mtoto wa Machage. Kabla jua halijazama wazee walikuwa wameshakata shauri kwamba Neema ameshirikiana na wezi. Akawekwa mahabusu, na uchumba ukatangazwa kuwa umevunjika.

Koplo Judith hakupenda kesi inayoisha upesi namna hiyo. Jumatano asubuhi aliifungua simu ya mzee. Alamu za kukamua bado zilikuwepo. Ya zamu tu ndiyo ilikuwa imepotea. Alimuuliza Neema kama huenda simu ilizimika.

"Ingezimika, alamu zote zingepotea," Neema alisema. "Hii imefutwa. Nimeipanga kwa namba ya boma, na mtu akikabidhi zamu anaandika namba hiyo hiyo ndipo ifutike. Akiandika nyingine, haifuti kitu."

Akamwonyesha kumbukumbu za programu. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mtu aliandika namba tatu. Saa nne na dakika hamsini, akaandika nne. Boma la Machage lilikuwa la tatu hadi Machi, boma moja lilipohamia hapo kutoka Kenyamonta na namba zikapangwa upya kwenye karatasi iliyobandikwa joshoni.

Saa hizo simu ilikuwa inachajiwa kwenye kibanda cha Felix, na Felix alijua fika kwamba sasa macho yote yako kwake. Alieleza kwamba Nelson ndiye aliyeileta, akakaa nayo, akatoka na pikipiki, kisha akarudi. Judith alimuuliza namba ya Machage.

"Nne, afande. Naisoma kila Jumamosi nikiogesha ng'ombe."

Judith alimwamini. Akapita joshoni, akazungumza na msimamizi, kisha akawaita wote kituoni Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Felix asingeanza na tatu," alisema. "Neema ndiye aliyezipanga namba, naye asingekosea. Ila wewe, Nelson, ulikuwa Ikoma kwenye kazi ya hoteli tangu Januari, ukarudi Jumapili. Saa nne na nusu ulikuwa joshoni unasoma karatasi, na hukuwa na hata ndama wa kuogesha."

Nelson alimtazama baba yake, si koplo.

"Wale ng'ombe ni mahari ya dada yangu Robi. Dada akiolewa, kaka anaoa kwa mahari yake. Baba akataka kuwatoa aoe mke wa tatu. Wako kwa rafiki yangu. Nilitaka kumuoa Neema, basi."

Machage aliinamisha kichwa. Hakukana, na kila mtu aliona aibu kwa niaba yake.

"Nimelala sakafuni siku mbili," Neema alisema. "Ulijua niko hapa?"

"Nilijua."

Neema aliichukua simu ya mzee, akaandika namba nne, akaipanga alamu upya.

"Leo saa nane italia, mzee," alisema. Kisha akamwomba koplo amrudishie viatu vyake.