Abiria wa Gari la Faustin

Saa kumi na mbili jioni, kuku wa Kibaoni wakigombania matawi ya kulala, Balbina alifika kwa Faustin kuangalia gari. Hakuja peke yake, si mjinga. Alikuja na Abdul, fundi wa dizeli, kijana mwenye mikono myeusi na maneno machache.

Gari lilikuwa steshen wagoni, refu mgongoni kama kenge, rangi ya majivu. Na Balbina alilitaka hivyo hivyo refu. Mdogo wake Edna, huko Mbingu, figo zilikuwa zimemgomea. Mara tatu kwa wiki alitakiwa Ifakara kusafishwa damu. Bodaboda ilishamwangusha. Wiki iliyopita alikosa siku moja tu, uso ukavimba mpaka macho yakapotea. Kwa hiyo lilitakiwa gari la kwenda na kurudi bila kuchoka, lenye kiti cha nyuma anachoweza kujilaza. La petroli lingekunywa kama mjomba msibani. Dizeli ndiyo yenye mwendo.

"Karibu, shemeji," alisema Faustin. Alimwita shemeji kwa kudai kuwa alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, ingawa wanaojua wanajua marehemu hakuwahi kumkaribisha hata chai.

Abdul aliweka kiganja juu ya injini.

"Baridi. Hajaliwasha kabla hatujaja. Vizuri."

Akaliwasha. Moshi ukatoka kidogo, ukapotea. Akafungua mfuniko wa oili, akaziba tundu kwa kiganja, akasikiliza kama daktari.

"Injini nzima, mama. Kilomita laki mbili na themanini elfu, kwa dizeli hii bado ni kijana." Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa. "Mbona limekalia matako?"

Kweli. Nyuma lilikuwa limelala, kama limepakia magunia ya mpunga. Balbina akafungua buti. Tupu. Abdul akaingia uvunguni, akatoka akijifuta.

"Springi nzima. Shokapu mpya."

"Sasa limebeba nini?"

Faustin akacheka, peke yake. Balbina alipofungua mlango wa nyuma, harufu ilimpiga puani. Karafuu maiti. Hafifu, lakini yenyewe.

"Mke wangu anawekea mende," Faustin aliwahi kusema kabla hajaulizwa. "Shemeji, kwa barabara ya Mbingu hili halitakusumbua. Ila usilipeleke daraja la Kilombero."

"Kwa nini?"

"Halipendi."

Balbina akamtazama mpaka akaangalia chini.

"Nimeishi miaka ishirini na sita na mwanamume asiyependa hiki wala kile. Sitaanza tena na gari. Lete ufunguo."

Faustin hakupanda.

Balbina aliendesha, Abdul pembeni yake. Injini ilinguruma vizuri, klachi laini, gia zinaingia zenyewe. Walipokata kuelekea mtoni, harufu ile ikazidi. Halafu...

Klik.

"Abdul, umefunga mkanda?"

"Nilishafunga, mama." Akatega sikio. "Huo umefungwa nyuma."

Ubaridi ukamgusa Balbina kisogoni.

"Usiangalie kioo," Abdul alinong'ona.

"Kioo kimewekwa ili niangalie."

Akaangalia. Hapakuwa na mtu. Ila kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea, kama panapokaliwa.

Mahali pawili.

Mguu ulitaka breki. Yeye akaupeleka kwenye mafuta. Walipofika mwanzo wa daraja, injini ikazimika. Puu. Kimya.

"Dizeli haifi hivi," Abdul alisema. "Dizeli hukohoa kwanza."

Chini, maji yalikuwa yanapita polepole. Na nyuma yao, sauti ya mwanamke mzee aliyechoshwa na safari ikauliza:

"Tumefika wapi?"

Abdul alikuwa nje kabla neno halijaisha, anasoma dua. Balbina hakutoka. Hasira ilimkalisha. Maana alikwisha kuelewa. Aliyewahi kuzika ng'ambo anajua kwamba maiti haivushwi kimya kimya. Gari husimama, mkubwa wa safari humwinamia marehemu, humwita kwa jina, humwambia: tunavuka mto, twende wote. Asipoambiwa, mwili utavuka, mwenyewe atabaki njiani.

Akampigia Faustin simu.

"Ulimvusha nani?"

"Shemeji..."

"Jina, Faustin."

"Bibi Violeth. Tulimpeleka Mahenge. Ndugu walitangulia na lori, nikabaki na mjukuu wake, naye alikuwa amelala. Mimi nilikuwa naongea na simu."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mpira."

"Kwa hiyo mlizika sanduku." Akakata.

Hakugeuka.

"Shikamoo, bibi."

Jibu likatoka karibu kabisa na kisogo chake:

"Marahaba."

"Bibi Violeth, huu ni Mto Kilombero. Waliokupitisha bila kukuambia wamekosa adabu. Mimi nakuambia. Tunavuka. Na tukivuka, ushuke uende kwenu. Kiti hiki nimekuja kumtafutia mgonjwa, na simpakii na mtu."

Akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja. Wakavuka taratibu, Abdul akitembea pembeni kwa miguu, maana kupanda alikataa. Ng'ambo, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Gari likanyanyuka.

Nusu tu.

"Na huyu je?" iliuliza sauti ya bibi, tayari ikiwa nje.

Balbina akageuka kukitazama kiti: bonyeo moja bado lilikuwepo.

"Liache, mama," Abdul alisihi. "Magari yapo Dar."

"La Dar litafika lini? Edna anatakiwa kesho asubuhi."

Usiku huohuo Faustin aliapa kwamba yeye alimbeba bibi mmoja tu. Gari lilikuwa na wenyewe kabla yake, na wenyewe wengine kabla ya hao. Waliwahi kumpakia nani, atajuaje? Balbina akalichukua hivyo hivyo.

Kila alipofika mto alipunguza mwendo, akasema, "Wewe usiye na jina, tunavuka. Ukitaka, shuka." Hakujibiwa. Edna, amejilaza nyuma, alidhani dada yake anasali. Mwezi wa kwanza uso wake ulirudi. Wa pili akaanza kumsengenya wifi yake, ndipo Balbina alipojua kwamba mgonjwa anapona.

Jumatano moja walikuwa wanarudi kutoka hospitali. Kwenye kijito kabla ya Mbingu, Balbina akasema maneno yake.

"Tumesikia."

Sauti mbili. Moja ya kiume.

Nyingine ya Edna.

Balbina akasimamisha gari palepale. Mdogo wake alikuwa amefumba macho nusu, mkono umelala kwenye nafasi ya pili ya kiti, vidole vimekunjwa kama vilivyoshikwa.

"Edna. Nani kakuambia uitikie?"

"Yeye, dada. Anasema tukiitikia pamoja, tutashuka pamoja."

Balbina alishuka. Akafungua mlango wa nyuma, akauvuta ule mkono. Ulikuwa mzito, kuna aliyekuwa anauvuta upande wa pili. Akavuta tena, kwa nguvu za mtu aliyetwanga mpunga maisha yake yote. Ukaachiwa. Akambeba Edna, akamkalisha mbele, akailaza siti, akamfunga mkanda. Kisha akaingiza kichwa nyuma, kwenye kiti kitupu.

"Sikiliza. Huyu si maiti, haambiwi kuvuka. Huyu anavuka na kurudi, na Ijumaa anavuka tena. Kuitikia kwako itikia peke yako."

Akabamiza mlango, akaketi, akaondoa gari.

"Dada," Edna alinong'ona, "ameudhika."

"Basi ashuke atembee," alisema Balbina, akaongeza mwendo.